Jina Moja Ubaoni

Wivu wa Kamba ulianza na mlio mdogo, mdogo kuliko wa kifungo cha shati kinapodondoka sakafuni. Tak. Kisha kimya. Kisha tak tena. Alikuwa ameinama banda la saba akisugua sakafu kwa dawa, akadhani ni bomba linavuja, akaenda kulikaza. Bomba lilikuwa kavu. Akafuata mlio mpaka nyuma ya stoo, akamkuta shemeji yake, mke wa mdogo wake, amechutama kwenye nyasi na kitu kiganjani. Mbele yake palikuwa na mbwa mkorofi kuliko wote pale kwenye uwanja wa kufundishia mbwa, ambaye Kamba alikuwa amemvuta shingo wiki nzima bila faida. Mbwa amekaa kitako kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa jina. Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyemkemea.

Tangu siku hiyo roho ya Kamba haikukaa tena mahali pake.

Kamba halikuwa jina lake la kuzaliwa. La kuzaliwa alikuwa nalo, zuri tu, la babu yake, lakini alilivua langoni miaka ishirini na miwili iliyopita alipokuja kuomba kazi ya kuosha mabanda, na hakuna aliyemrudishia. Walimwita Kamba kwa sababu ya kamba ya katani aliyoisuka mwenyewe, yenye ndoano ya shaba mwishoni, iliyoning'inia begani mwake asubuhi hadi jioni. Kwa kamba hiyo alikuwa amefundisha mbwa wa mahakimu, wa wenye maduka, wa viwanda viwili vya mabati na wa mchungaji mmoja aliyewaogopa waumini wake. Hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na meno. Alikuwa na kovu kwa kila somo, na ukimuuliza, alikuwa radhi kupandisha suruali akusomee.

Na alikuwa na kumbukumbu ndefu, maana kumbukumbu ya mnyonge ndiyo mahakama pekee isiyomtoza ada. Alikumbuka siku aliyoumwa paja mpaka nyama nyeupe ikachungulia, na Marehemu, mwenye uwanja enzi hizo, akaja mbio, akapiga magoti, akafungua mdomo wa mbwa atazame kama jino limevunjika. Mbwa alikuwa wa meneja wa benki. Paja lilikuwa la Kamba. Alikumbuka picha iliyotundikwa ofisini: Marehemu anatabasamu kando ya mbwa aliyeshinda kikombe, na pembeni kabisa mkono mmoja umeshika kamba. Mkono hadi kiwiko. Mwenye mkono alikatwa ili picha ienee kwenye fremu.

Zaidi ya yote aliukumbuka ubao wa langoni, hata akiwa usingizini. Ulikuwa mpana, mweusi, wenye herufi nyeupe: MAFUNZO NA TABIA ZA MBWA. Chini yake jina la Marehemu. Marehemu alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, likaongezwa jina la mjane wake, Bi Mkubwa, mwanamke ambaye mbwa aliwajua kwa kuwasikia tu wakibweka akiwa ofisini. Chini ya hapo palikuwa patupu, pa kulaza mlango mzima. Kila asubuhi Kamba aliinua macho akapatazama, kama mtu anavyokitazama kiwanja alichoahidiwa na baba aliyekufa bila kuandika.

Sasa huyo shemeji. Nani alimleta? Kamba mwenyewe, kwa mdomo wake na miguu yake. Mdogo wake alikuwa mwashi. Alianguka kutoka ghorofa ya tatu akavunjika nyonga, na mwenye jengo akamtumia barua ya pole yenye muhuri. Muhuri haupikiki. Kamba akaenda kwa Bi Mkubwa, akasimama mlangoni kofia mkononi, akamwombea mke wa mdogo wake kazi ya kuchemsha mapupu ya ng'ombe, chakula cha mbwa. Akapewa. Miezi minne mwanamke yule alikoroga sufuria kubwa kuliko yeye, moshi machoni, huku anatazama. Hakuna aliyejua kwamba anatazama. Mwenye kukoroga hudhaniwa anaona sufuria tu.

Alianza na kifuniko cha chupa ya jamu, vile vifuniko vinavyobonyea katikati vikalia. Mbwa akifanya jema, tak, halafu kipande cha ini lililokaushwa juani. Akikosea, hapati kitu: si tak, si ini, si ukali. Anangojwa. Baadaye mteja mmoja alimletea kidude cha plastiki kilichotengenezwa kwa mlio huo huo, pamoja na kitabu kilichong'oka jalada, akakisoma huku mwiko uko mkononi. Haukupita mwaka akatoka jikoni. Mbwa waliolia wakiachwa peke yao, mbwa waliotafuna viatu, mbwa walioingia chini ya kitanda kwa kusikia radi, wote walipelekwa kwake. Na wateja, wale wale waliozoea kumpigia Kamba honi badala ya kumsalimu, walishuka kwenye magari yao wakamwita Mwalimu.

Mwalimu. Neno hilo lilimchoma kuliko jino lolote. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwita Mwalimu, hata kwa kukosea.

Akaanza kumtafuta kasoro kama mtu anavyotafuta kupe, kwa ncha za vidole, akirudisha nyuma manyoya. Alisema anawahonga mbwa. Alisema utii wa ini ni kama kura ya sukari: leo yako, kesho ya mwenye kilo mbili. Shemeji alipoyasikia hakununa. Alimwuliza mbele ya wapishi kama yeye mwisho wa mwezi huwa anakataa mshahara, au anafanya kazi kwa kuvutwa shingo. Watu wakacheka, kwani shemeji na shemeji ni watani. Kamba naye akacheka, kwa meno ya mbele tu.

Ndipo Bi Mkubwa akawaita wote wawili chini ya ubao. Magoti yake yalikuwa yamechoka, alisema, alitaka kukaa nyumbani. Ubao ungepakwa rangi upya, na chini ya jina lake lingeandikwa jina la mkuu wa mafunzo, atakayeushika uwanja wote. Jumamosi ya nne kuanzia siku ile angewaalika wateja wakubwa, kila mmoja aonyeshe kazi yake, kisha yeye ataamua. Jina moja.

“Kwa nini moja, Bi Mkubwa?” Shemeji akauliza. “Ubao wenyewe mpana hivi.”

Bi Mkubwa akacheka kidogo, akasema wateja hawapendi kuchanganywa.

Swali hilo Kamba hakuwa amewahi kujiuliza, na hapo ndipo pa kumsikitikia. Mfupa mmoja ukitupwa kati ya mbwa wawili, aliyeutupa hachafuki hata kidole. Wanaochafuka ni wale wawili. Nani asiyelijua hilo pale uwanjani? Kamba mwenyewe ndiye aliyewagombeza wapishi kila siku watenganishe mabakuli. Kwa mbwa alilijua, kwa nafsi yake hakulijua. Badala ya kumkasirikia aliyetupa, alimkasirikia shemeji yake kwa kuuliza: kumbe ameshaanza kugawa kisicho chake.

Nyumbani hakuwa na habari nyingine. Alikula akimtaja, alinawa akimtaja, mpaka mkewe akaweka sahani chini.

“Baba watoto, angekuwa mwanamke mwingine ningeshafunga virago,” alisema. “Bahati yako najua ni gere ya kazi. Lakini usinitobolee ukuta kwa macho. Mke wa mdogo wako anakula wapi, kama si pale ulipompeleka wewe?”

Kamba alijibu kwamba mtu humkaribisha mgeni kitini, hamkaribishi kitandani. Mkewe akasema methali hiyo hajawahi kuisikia. Kweli, alikuwa ameitunga wakati ule ule.

Mbwa aliyepewa Shemeji kwa ajili ya Jumamosi ile aliitwa Waziri. Jina alipewa na mwenye mbwa, mwanamke daktari wa meno, na lilimkaa: alikula vizuri, alilala mchana, na hakuna mwananchi aliyeweza kumsogelea. Mume wa daktari huyo alikuwa mwaka wa pili akiingia nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni, kwa sababu Waziri hakutaka kumwona mwanamume sebuleni. Watu walitania kwamba ndani ya nyumba ile meno yanatibiwa na mmoja na kutumiwa na mwingine.

Shemeji alikuwa na desturi yake. Kila mbwa mpya alimwandikia ukurasa, habari zake zote za tangu utoto, na chini yake alichokiona yeye mwenyewe, akautundika kwenye msumari mlangoni pa banda. Kamba hakuwahi kusoma hata mmoja. Mbwa husomwa mkia, alisema, hasomwi karatasi. Siku ya kwanza alipita mbele ya banda la Waziri, kamba begani, na mbwa akaurukia wavu mpaka nguzo zikatikisika. Basi, anachukia wanaume, Kamba akasema moyoni, kama walivyosema wote. Ukurasa ulikuwa unaning'inia futi mbili kutoka puani mwake.

Siku hiyo hiyo wivu ukampa wazo, na lilikuwa wazo la fundi. Mtu mwingine angemtilia mbwa sumu, au angesahau lango wazi. Kamba hakuwa wa hivyo; mbwa hakuwa na kosa. Yeye aliamua kumfundisha.

Kiini cha onyesho la Shemeji kilikuwa amri moja: Baki. Mbwa anakaa, anaambiwa “Baki”, mwalimu anakwenda hatua ishirini, mbwa hajitikisi. Walifanyia mazoezi kwenye nyasi mbele ya stoo. Kila baada ya zoezi Shemeji alimfunga Waziri kwa mshipi mrefu kwenye kigingi, akaenda barazani kuandika. Dakika kumi. Dakika hizo ndizo Kamba alizozitwaa. Stoo ilikuwa na kidirisha cha wavu kilichotazama nyasi, kimetoboka pembeni, mkono unapenya. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaivua kamba begani akaitundika nje, kwa kuwa ndoano yake iligonga rafu na kulia, ingemchongea. Juu ya rafu palikuwa na kopo la maini makavu la Shemeji mwenyewe, mara zote wazi. Akachukua kipande, akakisogeza dirishani, akanong'ona: “Baki.”

Nia yake ilikuwa hiyo: neno likitoka, mbwa ainuke aje.

Siku ya kwanza Waziri alimwonyesha meno yote, hesabu kamili. Kamba hakuweza kumkemea, angesikika. Hakuweza kumvuta, kamba ilikuwa msumarini. Alichoweza ni kungoja tu, na akangoja. Siku ya nne mbwa aliokota ini baada ya mkono kuondoka. Siku ya saba alilichukua vidoleni, kwa midomo, taratibu, kama bibi harusi anayelishwa keki. Wiki ya pili, “Baki” haijamalizika, Waziri ameshafika chini ya dirisha, ameketi wima, kidevu juu. Na Kamba, katika giza la stoo lenye harufu ya mapupu, alijisikia furaha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi. Hakuwahi kumfundisha mbwa vizuri namna ile. Siku moja alijisahau akamsifu kwa sauti: “Hodari, Mheshimiwa.”

Sasa akawa na wivu wa aina mbili, wa ubao na wa mbwa. Akimwona Shemeji anamkuna Waziri nyuma ya sikio, alihisi kitu kinamkwaruza ndani ya kifua. Pale pale, nyuma ya sikio la kushoto, ndipo alipokuwa akimkuna yeye kwa kidole kimoja kupitia tundu la wavu.

Jumamosi ikafika. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya turubai. Wateja wakubwa walikaa mbele: hakimu mmoja, mwenye kiwanda cha mabati, daktari wa meno na mumewe, ambaye alichagua kiti cha mwisho kabisa karibu na ukuta. Kamba alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe. Alitangulia yeye, na mbwa wawili wa bohari, kamba mkononi. Walikaa, walilala, waligeuka kwa mpigo mmoja, mikia chini. Hakuna kosa hata moja. Hakimu alikuwa anatazama simu. Walipomaliza yakapigwa makofi matatu manne ya heshima, na Bi Mkubwa akatikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo, ingeweza kuwa ni nzi.

Kamba akawarudisha mbwa bandani, akaitundika kamba kwenye msumari wa nguzo ya baraza ili mikono yake ionekane mitupu, akaenda kusimama katikati ya wageni. Alitaka kuliona lile jambo kwa karibu.

Shemeji akaja na Waziri. Akamkalisha. Akamfungua mshipi mbele ya macho ya wote, na mume wa daktari akajikohoza. “Baki,” Shemeji akasema, akageuka, akaanza kwenda. Hatua moja, mbili, tano.

Waziri akainuka.

Alitazama kidirisha cha stoo. Hakukuwa na mtu. Akainua pua, akanusa upepo, akaanza kutembea kuelekea kwenye viti. Mume wa daktari akapanda juu ya kiti chake, hakimu akakumbuka kwamba na yeye ana miguu. Waziri aliwapita wote. Alikwenda moja kwa moja kwa Kamba, akaketi mbele yake wima, kidevu juu, kisha akaiweka pua yake taratibu kwenye pindo la shati jeupe.

Kosa lake lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo angelifanya fundi tu. Mbwa aliyeharibiwa hasemi ni nani aliyemharibu. Mbwa aliyefundishwa humtaja mwalimu wake mbele za watu. Kamba alikusudia kuharibu, lakini mkono wake haukujua kuharibu, ulijua kufundisha. Alikuwa amesimama pale anangoja aibu ya mtu, na aibu ikaja ikaketi mbele yake, ikatikisa mkia.

Ila wageni hawakuona aibu. Mume wa daktari ndiye aliyesema kwanza, bado yuko juu ya kiti: “Amekaa. Mbele ya mwanamume amekaa.” Daktari alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akauliza ni nani aliyefanya jambo lile. Bi Mkubwa, ambaye pua yake kwa mteja ilikuwa kali kuliko ya mbwa yeyote, akasogea.

“Kamba,” alisema. “Ni wewe?”

Kamba akamtazama Shemeji. Alikuwa amesimama pale pale kwenye hatua yake ya tano. Hakushtuka, hakukasirika. Kidude kilikuwa kiganjani, kidole gumba juu yake, na macho yake yalimtazama Kamba kwa utulivu ambao alikuwa ameuona mara nyingi kupitia wavu. Alikuwa anangoja.

Maneno yalikuwepo, mafupi, yalitosha mdomoni: ini, dirisha, wiki tatu, bila kamba. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kusema ameshinda kwa njia ya mwanamke yule, kwa ini la mwanamke yule. Akauona ubao. Akaiona ile nafasi tupu, na ndani yake jina la babu yake.

“Ni mimi,” alisema. “Huyu alihangaika naye na vitafunwa. Mimi nikaingia na kamba.”

Shemeji akainamisha macho.

Mume wa daktari akashuka kitini. Aliomba aonyeshwe, basi, naye ajifunze, maana amechoka kupita jikoni kwake kama mwizi wa masufuria. Ombi la haki kabisa. Wageni wakageuza viti. Hakimu akaiweka simu mfukoni.

Kamba akaenda hadi kwenye nguzo, na Waziri akamfuata kwa furaha, bega kwa goti. Akainua mkono akaishika kamba. Ilipotoka msumarini, ndoano ya shaba iligonga nguzo ikalia, na katani ikaning'inia kutoka mkononi mwa mwanamume.

Kidevu cha Waziri kikashuka. Weupe wa jicho ukajitokeza pembeni. Masikio yakalala. Kamba aliyaona yote. Miaka ishirini na miwili aliyaona hayo, na makovu yake yote yalimwambia kwamba ana pumzi moja tu ya kuiachia kamba ile. Lakini watu walikuwa wanatazama. Hakuiachia.

Jino liliingia kati ya kidole gumba na cha shahada, likapita.

Hakuna aliyemwona Shemeji akikimbia. Alikuwa tu amefika. “Iachie kamba, Shemeji,” akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Kamba akaiachia. “Acha,” akamwambia Waziri, na Waziri naye akaachia. Tak. Mbwa akalala chini, anatetemeka ubavu mzima, na Shemeji akaisukuma kamba mbali kwa mguu.

Kisha akaomba ule ukurasa uletwe kutoka bandani. Bi Mkubwa alivaa miwani akausoma kwa sauti. Ulisema kwamba mbwa, alipokuwa mdogo, alifungwa na kuchapwa na mlinzi wa zamani wa nyumba ile. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Shemeji, ulisema: Hachukii wanaume. Anaogopa kamba mkononi mwa mwanamume. Bi Mkubwa alihitaji miwani kuyasoma hayo. Kamba angehitaji tu kuinua macho.

Sheria ya uwanja inasema aliyeumwa anaoshwa kidonda kwa sabuni chini ya bomba linalotiririka, dakika kumi na tano, hata kama mbwa ana chanjo zote, kisha anapelekwa zahanati. Wakasimama nyuma ya mabanda, Shemeji ameshika kifundo cha mkono wake, maji yanateremka mekundu, halafu ya waridi, halafu meupe. Dakika kumi na tano ni nyingi kwa watu wenye jambo kati yao.

“Lile kopo la maini lilikuwa linaachwa wazi na nani, Shemeji?” mwanamke akamuuliza.

Kamba akayatazama maji.

“Na mimi huandika kwa dakika mbili. Hizo nane nilikuwa nakaa barazani tu, napunga nzi.”

Akamweleza taratibu, huku akipitisha sabuni. Alijua tangu siku ya pili, mbwa alipoanza kutazama dirishani. Alitaka kumfukuza kwa mwiko. Kisha akaona Waziri anahitaji mwanamume wa kumzoea, asiye na kamba, na pale uwanjani hapakuwa na mkono mzuri kama wa Kamba. Angemwomba, angekataliwa. Kamba alijua kwamba ni kweli, angekataa, na angekataa kwa dharau.

“Kwa hiyo ukaniwekea ini,” alisema.

“Nikakuwekea ini.”

Maji yakaendelea. Sauti ya Shemeji ikapungua, na kwa mara ya kwanza ikawa na hasira ndani yake. Alisema alijua mbwa ataondoka kwenye Baki yake. Alikubali aaibike hatua tano. Alichongoja ni Kamba aulizwe. Kama angesema dirisha, kama angesema ini, yeye alikuwa tayari kusimama na kusema kazi ile ni ya watu wawili, na Bi Mkubwa mbele ya hakimu na daktari asingekuwa na pa kukwepea. Majina mawili yangepanda.

“Neno moja nililingoja, Shemeji. Kwa mbwa nimengoja mpaka siku nne. Kwako nilidhani itatosha siku moja.”

“Bi Mkubwa alisema jina moja,” Kamba akasema.

“Na wewe ukamwamini. Mimi hukuniamini hata kwa sufuria, yeye ukamwamini kwa ubao.”

 Kidonda kiliuma, lakini si hicho kilichomtoa machozi. Alikuwa anauonea wivu hata uvumilivu wake.

Jumatatu mchana fundi mpaka rangi alikuja na ngazi na kopo la rangi nyeupe. Kamba, mkono wa kulia umefungwa bandeji, aliambiwa amshikie ngazi kwa wa kushoto. Bi Mkubwa alisimama kando na mwavuli, anakagua. Herufi zikashuka moja moja, jina la Shemeji, na Kamba akazifuata zote, kama mtu anayemeza dawa kijiko kwa kijiko. Ya mwisho ilipinda kidogo upande wa kulia. Aliiona, akafurahi, hakumwambia mtu.

Mpaka rangi akashuka, akafunga kopo, akauliza kama yamekwisha. Bi Mkubwa akasema yamekwisha.

Kamba alirudi nyuma hatua tatu, akaupima ubao kwa macho. Alikuwa ameutazama miaka ishirini na miwili, na kila mara aliiona nafasi ya mtu mmoja. Sasa jina moja lilikuwa limeingia, na nafasi ilikuwa bado ipo, karibu yote. Majina mengine matatu yangeenea pale. La mama aliyekuwa sasa anakoroga mapupu. La mzee anayewapaka mbwa dawa za kupe. La kwake. Na pangebaki pa mbwa kujinyoosha. Akatazama tena, kama mtu anayetafuta aliyemwibia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na shingo yake, iliyozoea kugeukia upande wa nyasi kila wivu ulipomshika, safari hii ikageukia mwavuli.

“Bi Mkubwa,” akasema. “Kwa nini moja?”

Mwavuli ukasimama. Mpaka rangi akajifanya anakunja ngazi ambayo ilishakunjwa. Bi Mkubwa alifungua mdomo, akaufunga, akatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Nyuma ya Kamba, kutoka upande wa nyasi, kikalia kitu kidogo, kidogo kuliko kifungo cha shati kinapodondoka sakafuni. Tak.

Hakugeuka. Lakini mate yalimjaa mdomoni, na kwa hilo hakumsamehe shemeji yake.